Risala ya Wahitimu wa Kidato cha Sita kwa Mgeni Rasmi, Mganga Mkuu wa Wilaya

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mganga Mkuu wa Wilaya, Mwenyekiti na wajumbe wa Bodi ya Shule, Mkuu wa Shule, walimu na wafanyakazi, wazazi na walezi wetu, wadogo zetu wa Kidato cha Tano, wahitimu wenzangu. Assalaam aleykum. Bwana Yesu asifiwe. Wakubwa wetu wote, shikamooni.

Kwa niaba ya wahitimu nakushukuru kwa kuacha kazi zako nyingi ukaja kukaa nasi. Mwezi Mei tunaingia kwenye mtihani wa taifa, na tunaomba dua zenu. Habari za maabara, maji na mabweni atakusomea Mkuu wa Shule. Mimi wenzangu wamenipa kazi nyingine. Walisema: kwa kuwa mgeni wetu ni daktari, mweleze kwa nini unataka kusomea uuguzi wa afya ya akili. Nilimwomba mama ruhusa kwanza. Yupo hapa, amevaa kitenge cha kijani, na ameniambia nisome bila kuficha kitu.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, nilikuwa na kaka mmoja. Alikuwa hodari wa kutengeneza redio, na nyumba yetu haikukosa nyaya na betri juu ya meza. Alipofika miaka 19 alianza kukesha. Kisha akaanza kuzima redio za majirani akisema zinamtaja jina. Mtaani walisema amerogwa. Wengine walisema bangi, ambayo hakuwahi kuigusa, na wengine majini. Tuliuza mbuzi wawili tukaenda kwa mganga wa kienyeji, tukarudi vilevile. Tukauza cherehani ya mama tukaenda kwa mganga mwingine. Kuna aliyetuambia tumpeleke Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili iliyoko Dodoma. Lakini nauli ya watu watatu ilikuwa mbali na sisi, na basi gani lingempakia mtu anayepiga kelele njia nzima, Chalinze hadi Morogoro na kuendelea?

Baba yangu ni mkata mkonge. Kamba aliyomfungia mwanawe ilikuwa ya katani, ileile inayotupa ugali. Naomba asihukumiwe na mtu yeyote humu ndani. Tunakaa jirani na barabara kuu ya Segera, malori hayalali, na kaka alikuwa anatoka usiku. Baba alimfunga ili abaki hai.

Nilikuwa darasa la saba. Kazi yangu ilikuwa kumpelekea chakula. Nilikuwa naiweka sahani ya bati sakafuni, naisukuma kwa mguu, halafu narudi nyuma, kwa sababu nilimwogopa. Yeye kila mara aliniuliza, "Na wewe umekula?" Hata siku ambazo hakumtambua mama, hilo hakuacha kuliuliza.

Usiku mmoja kamba ilifunguka. Lori lilimgonga kabla hatujaamka. Msibani watu walitupa mkono wakasema, "Afadhali amepumzika." Walisema kwa nia njema, lakini neno lile "afadhali" lilinikaa kifuani mwaka mzima. Kidato cha Kwanza nilikuwa nasinzia darasani, nashika mkia katika kila mtihani, na nilishaamua kuacha shule. Aliyenizuia ni mwalimu mmoja wa kike. Hakunichapa wala kunihubiria. Kila siku saa nne aliniita nikanywe naye chai, hata siku ambazo sikuwa na la kusema. Siku niliyosema, nilisema yote.

Kutoka uani kwetu, Mheshimiwa, tunaiona milima ya Usambara. Juu ya milima hiyo ipo Lutindi, ambako mwishoni mwa karne ya 19 wamisionari wa Kijerumani walijenga makao ya watoto waliokombolewa utumwani, na baadaye pakawa hospitali ya wagonjwa wa akili. Sisi utotoni tulikuwa tunatishwa nayo: ukikaidi utapelekwa Lutindi. Nilipanda huko na vijana wenzangu wa kanisani nikiwa Kidato cha Tano. Nilimkuta kijana wa rika la kaka yangu akipalilia bustani, maana pale kazi za mikono ni sehemu ya tiba. Mikono yake ilikuwa na makovu ya kamba, yaleyale ninayoyajua, yameshafifia. Akanisalimia kwa adabu, akaniuliza nimetoka wapi. Nilishindwa kumjibu. Wazee husema mficha maradhi kifo humuumbua. Sisi hatukuficha, kijiji kizima kilijua. Tulichokosa ni mtu wa kutuambia kwamba mlima ule tunaouangalia kila asubuhi una tiba.

Tangu siku ile nimesoma kila nilichopata. Ninachoamini alikuwa nacho kaka kinaitwa skizofrenia. Duniani kinampata takriban mtu 1 katika kila 300, na kwa kawaida huanza ujanani, katika umri huu wetu tuliovaa majoho leo. Dawa za kutuliza sauti na hofu zile zipo tangu miaka ya 1950. Nyingine ni sindano ambayo mgonjwa huchomwa mara moja kwa mwezi. Nilipomweleza baba habari hiyo tulikuwa tunakula. Akauliza, "Sindano moja kwa mwezi?" Kisha akanawa mikono akatoka nje, na hatukumwona mpaka usiku.

Hapa shuleni, klabu yetu ya afya imeweka benchi chini ya mwarobaini karibu na maktaba. Wazo tumelichukua Zimbabwe. Mwaka 2006 daktari wa akili Dixon Chibanda alianza na bibi 14 katika mtaa wa Mbare, Harare. Aliwafundisha kumsikiliza mtu na kumsaidia kupanga hatua moja ya kutatua shida yake, na mahali pa kukaa palikuwa benchi nje ya zahanati. Washona wa huko Zimbabwe wana neno kufungisisa, kufikiri kupita kiasi. Nasi tunasema mtu ana mawazo. Jumamosi jioni matroni hukaa pale, na mwaka huu hakuna Jumamosi alipokaa peke yake.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, maombi yetu ni machache. La kwanza, dawa za magonjwa ya akili na za kifafa zipatikane katika vituo vya afya mwezi baada ya mwezi, kwa sababu mgonjwa aliyepata nafuu akikosa dawa huanguka tena, na familia hurudi kwa mganga. La pili, muuguzi wa afya ya akili aitembelee shule hii walau mara moja kwa muhula, akae na matroni pale kwenye benchi. La tatu, wahudumu wa afya ya jamii wanapopita nyumba kwa nyumba, waulize pia habari za yule aliyefungiwa ndani. Wapo, tunawajua. Mmoja yuko umbali wa dakika kumi kutoka hapa ulipokaa, na mama yake amekuja leo kwa sababu aliambiwa utakuwepo.

Kwa upande wangu, Mungu akijalia na mtihani ukienda vizuri, nitaomba nafasi ya shahada ya uuguzi, kisha nibobee katika afya ya akili. Nikimaliza, nitaomba nipangiwe wilaya hii. Najua vijana wengi huomba mjini. Mimi nataka niwe karibu kiasi cha kufika kwa miguu.

Tutakapomaliza shughuli, mama wa yule aliyefungiwa ndani atakuwa kwenye mlango wa upande wa kushoto. Nimemwahidi kwamba utamsalimia.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, naomba kuwasilisha.