Ile fankisheni yako iliyogoma

Yakhe, wambaje? Huku sisi wazima, joto tu la Mombasa, na leo foleni ya feri Likoni imenipa nafasi nikujibu vizuri lile swali lako la juzi, kwa nini ile fankisheni yako (maagizo uliyoyahifadhi kwa jina) ya Postgres, programu ya hifadhidata, inagoma ukiiita, maana kwenye simu nilikueleza mbiombio.

Fankisheni yako umeandika inarudisha setof record, yaani umeiambia Postgres safu (mistari ya jedwali) zitakuja lakini umbo lake husemi. Sasa ukiiita kwenye FROM ya kwari (swali unaloiuliza hifadhidata) inagoma, yataka orodha ya kolamu, na ina haki. Ile nyota ya select (maana yake kolamu zote) hufunguliwa wakati kwari inasomwa, na mpango wa kazi hupangwa papo hapo, fankisheni yenyewe haijaanza hata kidogo, kwa hivyo lazima Postgres ijue mapema kolamu ni ngapi na za aina gani. Mwenye duka Marikiti ukimletea magunia yamefungwa hayana alama hapokei, mwambie kwanza hili iliki hili bizari.

Basi kolamu zitaje wewe:

select * from mauzo_ya_wiki() as m(duka text, idadi bigint);

Hiyo bigint (aina ya namba nzima kubwa) usiiguse tafadhali! Mimi ilinila usiku mzima, fankisheni ya plpgsql (lugha ya Postgres ya kuandikia fankisheni), nikaandika integer (namba nzima ya kawaida) kwa vile idadi zangu hazifiki hata mia, kumbe count, ile inayohesabu safu, hurudisha bigint na Postgres haitazami ukubwa wa namba, inatazama aina, hazikulingana ikakataa. Majina weka utakayo, inafuata mpangilio tu.

Lakini kwa ripoti yako mi naona heri badala ya setof record uandike RETURNS TABLE, ipo tangu toleo la 8.4 la 2009, kolamu unazitaja mara moja ndani ya fankisheni na kila anayeiita anapumzika. Ukishafanya hivyo ile orodha ya kwenye kwari itoe, ukiiacha pia itagoma. Record ibaki kwa zile ambazo umbo anajua anayeita pekee, kama crosstab (hugeuza safu kuwa kolamu), dblink (huuliza hifadhidata nyingine), na jsonb_to_recordset (hugeuza data ya JSON kuwa safu), ila hii ya mwisho hutafuta kolamu kwa jina, ukikosea herufi moja unapata null tupu (pasipo thamani) na hakuna erori ya kukushtua, hiyo ndiyo naiogopa zaidi.

Na create or replace, amri ya kuandika upya fankisheni iliyopo, haitakubali ubadilishe aina ya jibu, idropu (ifute) kwanza ndo uiunde upya. Ukikwama vuka uje na laptopu, baada ya magharibi nipo nyumbani.