Jiwe la Bismarck sio la zambarau jamani

Mhariri, naomba kanafasi. Hizi picha za Jiwe la Bismarck, lile la Ziwa Victoria hapa Mwanza, zinazozagaa mitandaoni, anga zambarau maji kama Fanta, hapo mtu kavuta tu rangi mpaka mwisho kwenye simu halafu anaita HDR, yaani picha moja iliyounganishwa kutoka kadhaa za mwanga tofauti. HDR yenyewe unaweka kamera kwenye stendi unapiga 3, ya kawaida, ya giza stopu 2 (stopu ni kipimo cha mwanga) ili mawingu yasiungue, na ya mwanga stopu 2 nyufa za jiwe zionekane, ndo unaziunganisha kwenye programu kama Lightroom au Photomatix. Mi juzi jioni nimejaribu, mtumbwi ukapita katikati, kuja kuunganisha naona mitumbwi 3 kama mizimu ya ziwani, kumbe sikutiki ile ya kuondoa mizimu ya vitu vinavyosogea (deghost) 😂 Ila jiwe lilitoka poa, hadi mavi ya ndege mnandi unayaona.

Mpiga picha za harusi, Kirumba, Mwanza