Barua ya wazi kwa Waziri wa Nishati: Tuuzie mvuke wa usiku

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia saa tisa usiku, trei ya tatu ya skonzi ikiwa ndani ya tanuri. Sisi waokaji wa Kayole huamka jiji likiwa limelala, maana saa kumi na mbili kasoro wenye vibanda vya chai huwa washafika mlangoni. Tanuri langu ni la stima. Mita iko ukutani juu ya magunia ya unga, na kile kitaa chake chekundu hupepesa mbio mbio nikiwasha moto wa juu na wa chini pamoja. Nimejifunza kutokiangalia.

Bei ni kali, hilo unalisikia kila siku. Kinachoniuma zaidi ni kwamba saa hizi ninapooka, kule Olkaria, kwenye visima vya mvuke wa ardhini unaozalisha umeme, kuna mvuke unaoachiliwa hewani. Kisima cha mvuke hakizimwi kama taa, na watu wakilala umeme wake unakosa mnunuzi. Upepo wa Loiyangalani kule Marsabit, unaoendesha mitambo ya umeme, nao huvuma zaidi usiku, wakati ambao hatuuhitaji wote. Kisha saa moja jioni kila nyumba inawasha taa, runinga na pasi, mitambo ya kuzalisha umeme kwa mafuta inanguruma, na gharama ya mafuta hayo inatandazwa kwenye kila yuniti ya mwezi. Hata yuniti yangu hii ya saa tisa inabebeshwa dizeli ya jioni.

Viwanda vikubwa vilipewa nafuu ya usiku tangu 2017. Pikipiki na mabasi ya umeme yakapata yao 2023. Mita yangu ya tokeni, ya kulipia kabla ya kutumia, haijui saa. Usiku na jioni kwake ni mamoja.

Naambiwa wadogo tukishushiwa bei, mapato yatapungua. Hesabu hiyo inanishinda. Jirani yangu anaoka kwa makaa, macho mekundu kila asubuhi. Stima ya usiku ikiwa nafuu, kesho anatafuta tanuri, na hizo ni yuniti ambazo leo hanunui hata moja. Mvuke uliopotelea angani umemlipa nani?

Bei pekee haitoshi bila nyaya, nakubali. Mitambo 365 ya upepo kule Marsabit ilikamilika 2017, ikakaa ikisubiri laini ya umeme ya kufika kituo cha Suswa hadi Septemba 2018, na tukalipia kungoja huko. Nami nina kumbukumbu yangu ya Ijumaa ile, 25 Agosti 2023, nchi ilipozimika karibu yote, hata uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta ukaingia giza. Nilikuwa nimeshakanda kilo ishirini za unga. Ukaumuka, ukafura, ukavuka ukingo wa karai hadi sakafuni. Kufikia mchana wa kesho yake ulinuka kama pombe ya busaa.

Ninachoomba ni tokeni yenye bei mbili: ya mchana na jioni, na nyingine ya saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Mita zinazosoma saa zipo. Hao wa viwanda wanazitumia. Anza na mtaa mmoja, waokaji, mafundi wa kuchomelea, wenye friji za samaki, uone yuniti zitakavyonunuliwa. Si lazima mtaa huo uwe Kayole. (Ukiwa Kayole, sitakataa.)

Nasikia harufu, skonzi zimeiva. Naomba jibu lako.

Mwoka mikate,
Kayole, Nairobi