Ndege ya mafunzo si mabaki ya jeshi

Ndugu Mhariri,

Gazeti lako nimelisoma tangu nikiwa fundi mitambo bandarini hapa Tanga hadi leo ninapokula pensheni, na mengi nimeyaacha yapite. Timu iliyofungwa mmeiandika imeshinda, nimenyamaza. Marehemu mmewaweka hai na walio hai mmewazika, nimenyamaza. Ila makala yenu ya Jumapili iliyopita kuhusu ndege za jeti za mafunzo ya kijeshi imenikaa kooni.

Tuanze na picha. Mmeandika chini yake kwamba ni K-8, jeti ya mafunzo iliyotengenezwa na China. Ile ni L-39, jeti nyingine ya mafunzo, iliyoundwa Chekoslovakia, na anayetaka kujua atazame ncha za mabawa: matangi ya mafuta yamekaa palepale mwishoni, kushoto na kulia. K-8 haina kitu hicho. L-39 iliruka mara ya kwanza mwaka 1968. K-8 iliruka 1990, na si kazi ya China peke yake kama mlivyoandika, Pakistani walikuwa wabia tangu mwanzo. Marehemu kaka yangu alikuwa fundi wa ndege jeshini, na angekuwepo angelirudisha gazeti kwa muuzaji akadai hela yake. Sahihisho liwekwe ukurasa uleule, si kule nyuma kwenye hati za viwanja zilizopotea.

Hilo la picha ningelisamehe. Lisilosameheka ni pale mwandishi wenu anaposema ndege hizi ni za kivita zilizopunguzwa makali, kwamba nchi kama yetu kuzinunua ni kumwaga fedha baharini, na vijana wangepelekwa moja kwa moja kwenye ndege za vita "wakakomae hukohuko". Amewauliza Wahindi? Jeshi lao la anga liliishi miaka mingi bila jeti ya mafunzo ya hatua ya juu. Kijana alitoka kwenye ndege ya mwendo wa polepole akapandishwa MiG-21, ndege ya vita inayotua kwa kasi na isiyomvumilia mtu mwenye mkono mzito. Ajali zikafuatana mpaka magazeti ya kwao yakaibatiza MiG ile jeneza linaloruka. Kamati yao ilikwisha kushauri mwaka 1982 kwamba ndege ya kati itafutwe. Mkataba wa kununua jeti 66 za mafunzo aina ya Hawk kutoka Uingereza ukasainiwa mwaka 2004! Tangu 1982 hadi 2004 waliokuwa wakizikwa ni watoto wa watu.

Hawk yenyewe, kwa faida ya mwandishi wenu, iliruka mara ya kwanza 1974. Kenya hapa jirani walizichukua mwanzoni mwa miaka ya 1980. Zimbabwe walizipeleka vitani Kongo. Wamarekani, ambao hawana tabia ya kununua vya wenzao, waliifanyia marekebisho, wakaimarisha miguu na kuitia ndoano mkiani ili iweze kutua juu ya meli, wakaiita Goshawk. Misri nao hawakuishia kununua K-8, waliziunganisha wenyewe kule Helwan, zaidi ya mia moja. Na K-8 hiyohiyo, ambayo jeshi letu nalo linaitumia, ikifungwa bunduki na mabomu inapiga. Hizo ndizo zilizopunguzwa makali?

Nije kwenye linaloniuma, maana naona wazo hili la kudharau chombo cha kujifunzia haliko kwa mwandishi wenu peke yake. Mpwa wangu aliandikishwa shule moja ya udereva hapa mjini. Siku aliyopelekwa njia ya Pangani, gari likamshinda kwenye kona, likaingia kwenye genge la mama mmoja, machungwa ya Muheza yakasambaa hadi ng'ambo ya barabara. Mungu mkubwa, mama wa watu alikuwa amekwenda kuchota maji. Mkufunzi alikuwa wapi? Kiti cha kushoto, simu mkononi, anachati. Nikafika pale, nikainama kuangalia breki ya pili, ile ya mkufunzi. Pedali ipo, imepakwa hata rangi. Nikaivuta kwa mkono, ikaja yote pamoja na kipande cha bati. Haikuwa imeunganishwa na chochote, Mhariri, waya haupo, fimbo haipo, ilikuwa imechomelewa sakafuni ili mkaguzi akichungulia dirishani aione! Klachi imekwisha, mkanda wa kiti umefungwa fundo, na kibandiko cha ukaguzi kiko kwenye kioo kinang'aa. Nilipomwendea mwenye shule akanijibu kwa upole kabisa: "Mzee wangu, hilo ni gari la kujifunzia, si la safari." Nikarudi nyumbani, na Jumapili nikafungua gazeti nikakuta maneno yaleyale, safari hii yakiwa na mabawa.

Wenye akili wameiunda K-8 kinyume na mawazo hayo. Mwanafunzi anakaa mbele, mkufunzi nyuma yake, na kiti cha nyuma kimeinuliwa ili aone njia juu ya kichwa cha kijana. Kila mmoja ana usukani wake kamili, na ukishikwa nyuma, ndege inatii. Viti ni vya kampuni ya Martin-Baker ya Uingereza, vinavyoweza kumrusha mtu akasalimika hata ndege ikiwa imesimama ardhini. Injini ya zile zinazouzwa nje ni ndugu ya ile inayosukuma Learjet, ndege ndogo za matajiri, hainywi mafuta kama jeti ya vita, kwa hiyo kijana anakosea, anarudia, anakosea tena, na hazina haitikisiki.

Sina cheo cha kuwashauri wakubwa. Napendekeza dogo tu: kila gari lenye kibao cha L hapa Tanga likaguliwe likiwa barabarani, mwanafunzi wa wiki ya kwanza kwenye usukani, mkaguzi kiti cha mkufunzi, na mwenye shule nyuma, kwenye mkanda ule wenye fundo. Waanzie Ngamiani waende mpaka Pongwe na kurudi. Mwandishi wenu akitaka habari ya kuandika aje naye, kiti cha nyuma kinaenea watu watatu.

Fundi mstaafu,
Chumbageni, Tanga