Halmashauri, tupeni maandishi, msitupe picha za karatasi

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wakurugenzi wa halmashauri, makarani wao na vijana wanaowatengenezea tovuti. Mimi ni karani mstaafu. Nimefanya kazi masjala na kwenye chumba cha kupiga chapa kwa miaka mingi, kisha presha ya macho ikaninyang'anya uwezo wa kuona, jicho la kushoto kwanza, la kulia baadaye. Leo nasoma kwa masikio. Simu na kompyuta yangu zina programu ya kusoma skrini, inayonitamkia maandishi kwa sauti ninapopitisha kidole au kubonyeza vitufe. Kwa programu hiyo nasoma habari, nasoma barua za wanangu, naangalia salio langu la benki bila kumshirikisha mtu. Nyaraka za halmashauri yangu mwenyewe ndizo zinazonishinda.

Sababu yake naijua, maana nimekaa upande ule wa meza. Bajeti, muhtasari wa kikao cha madiwani, tangazo la kubadilisha matumizi ya ardhi, vyote huzaliwa kwenye kompyuta. Kuna mtu aliyeketi akaandika herufi kwa herufi na kupanga jedwali safu kwa safu. Saa ile waraka unasomeka kwa kila mtu, mimi nikiwemo. Kisha unachapwa, unapelekwa kwa mkubwa, unatiwa sahihi, unagongwa mhuri, unarudi kwa karani, unapitishwa kwenye skana, na kinachopandishwa kwenye tovuti ni picha ya karatasi. Mwenye macho anaona maneno. Programu yangu haioni neno hata moja. Inanitajia ukurasa wa kwanza, kimya. Ukurasa wa pili, kimya. Hivyo hivyo hadi wa mwisho.

Na lile faili la kwanza bado lipo. Limo kwenye kompyuta ya karani, halijapotea wala halijaharibika. Ndiyo maana sikubali ninapoambiwa kwamba kutufikiria sisi ni gharama kubwa. Aliyeandika waraka ameshalipwa mshahara wake, na kilichoongezwa baada ya hapo, yaani wino, karatasi na muda wa kuskani, ndicho kilichotufungia mlango.

Hoja ya mhuri naielewa vizuri. Ofisi inaogopa mtu asije akabadilisha tarakimu na kuzisambaza kana kwamba zimetoka kwake, na hofu hiyo ina msingi. Lakini dawa yake ni nyepesi: wekeni nakala zote mbili pamoja. Yenye mhuri ibaki kuwa ushahidi, ya maandishi iwe ya kusomwa, na mtu akileta ubishi mnalinganisha. Ofisi zilizopiga hatua zaidi hutumia sahihi ya kidijitali, ambayo hufichua faili likichezewa, bila kulipitisha kwenye karatasi hata mara moja.

Watu wengine huniambia nitumie programu ya kutambua maandishi ndani ya picha. Naitumia, na kwa barua fupi iliyoskaniwa vizuri inanisaidia. Kwenye jedwali la bajeti haitegemeki. Ukurasa ukiwa umelala upande kidogo, safu zinaingiliana, fedha za zahanati zinasomwa kwenye mstari wa barabara. Mhuri ukiwa umekanyaga tarakimu, 3 inatoka 8. Bajeti ni tarakimu. Siwezi kusimama kwenye mkutano wa hadhara nikamuuliza diwani swali kwa kutegemea namba nisizoziamini.

Wala tabu hii si yangu peke yangu. Picha ya karatasi haitafutiki: mwandishi wako wa habari anayetaka kujua neno "maji" limetajwa wapi katika kurasa mia mbili atalazimika kuzipitia zote kwa macho. Faili la picha ni zito mara nyingi kuliko la maandishi, na kila mwananchi hulipakua kwa bando lake mwenyewe. Mzee mwenye uoni hafifu akilikuza kwenye simu, herufi zinakuwa ukungu, na inabidi auburute ukurasa kushoto na kulia kwa kila mstari. Maandishi halisi yangejipanga upya yenyewe kufuata upana wa kioo.

Kuna kasoro nyingine ambayo wenye macho hawawezi kuijua, na inaniumiza zaidi kwa sababu kuirekebisha ni kazi ya dakika moja. Kila ukurasa wa wavuti una mahali ndani ya msimbo wake panapotaja lugha ya maandishi. Tovuti nyingi hujengwa kwa kiolezo kilichotoka nje, kikiwa kimetaja Kiingereza, na hakuna anayekumbuka kubadilisha. Basi programu yangu inatii ilichoambiwa: inachukua Kiswahili safi na kukitamka kwa kanuni za Kiingereza. Aya nzima inapita sijashika kitu. Badilisheni herufi mbili tu, "en" iwe "sw", na sauti ya Kiswahili itaingia kazini. Sauti hizo zipo. Wala si matakwa yangu binafsi. Kutaja lugha ya ukurasa kumo katika ngazi ya chini kabisa ya miongozo ya ufikivu wa wavuti, yaani ya kuufanya utumike na watu wote, iitwayo WCAG, ambayo W3C, shirika la kimataifa la viwango vya wavuti, lilianza kuitoa mwaka 1999 na toleo lake la 2.2 likatoka mwaka 2023.

Miongozo hiyo ina mengi, na sitaki kuigeuza barua hii kuwa somo. Nitaje machache ninayokutana nayo. Picha iwe na maelezo ya maandishi, hasa yale matangazo yaliyorembwa kama bango ambamo tarehe, mahali na saa vyote vimo ndani ya picha. Vichwa vya sehemu viwekwe kwa mitindo ya vichwa iliyomo kwenye programu ya kuandikia, visiishie kukolezwa wino tu, ili niruke kutoka sehemu hadi sehemu kama msomaji anavyofunua kurasa. Viungo vitaje vinakokwenda. Nikiorodheshewa "bofya hapa" kumi na mbili mfululizo sijui upi ni wa leseni na upi ni wa zabuni. Na kila kisanduku cha fomu kiwe na jina lake, maana nisiposikia jina nitaandika namba ya simu mahali pa namba ya kiwanja.

Si sisi wasioona tu mnaotuacha nje. Jirani yangu ni kiziwi. Kikao cha baraza hurushwa mtandaoni bila manukuu wala mkalimani wa lugha ya alama, naye hutazama midomo ikicheza. Mtu ambaye mikono yake inatetemeka hawezi kulenga kitufe kidogo kwa kipanya, anahitaji ukurasa unaoendeshwa kwa kibodi peke yake. Asiyetofautisha nyekundu na kijani akiambiwa "sehemu zenye rangi nyekundu ni lazima zijazwe" ataziona sawa na nyingine. Na yale maandishi ya kijivu juu ya weupe, yanayopendwa sana na wabunifu, yanamsumbua kila aliyezidi umri fulani. Miongozo inataka tofauti ya mwanga kati ya maandishi ya kawaida na mandhari yake isipungue 4.5 kwa 1.

Wapo wanaodhani tunaomba hisani. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa mwaka 2006, katika Kifungu cha 21, unazitaka nchi wanachama ziwape watu wenye ulemavu taarifa zinazokusudiwa umma wote katika miundo wanayoweza kuitumia, kwa wakati na bila gharama ya ziada. Hayo maneno "kwa wakati" nayasisitiza. Tangazo la mipango miji lina siku zake za pingamizi. Nikisubiri mjukuu wangu arudi kutoka shule anisomee, au nimlipe mtu, siku zinakatika. Na zipo barua za kodi na za ardhi ambazo sitaki mjukuu ajue yaliyomo.

Wengine wameshapita njia hii. Mwaka 1999 Bruce Maguire, raia wa Australia asiyeona, alilalamika kwamba hawezi kuitumia tovuti ya Michezo ya Olimpiki ya Sydney. Waandaaji wakadai kuirekebisha kungewagharimu mno. Tume ya haki za binadamu ya nchi hiyo iliikataa hoja hiyo mwaka 2000, na waandaaji waliposhindwa kutekeleza ipasavyo wakaamriwa kumlipa dola 20,000 za Australia. Umoja wa Ulaya ulipitisha mwaka 2016 agizo linalozihusu ofisi za umma zikiwemo serikali za mitaa, na tovuti za zamani zikapewa hadi tarehe 23 Septemba 2020 ziwe zimetengenezwa. Jambo moja la busara katika agizo lile: nyaraka za kale hazikulazimishwa kurekebishwa zote, ila zile ambazo bado zinahitajika katika huduma. Nami siombi makabati ya miaka ishirini yafunguliwe. Anzeni na waraka wa wiki hii.

Tahadhari moja kwa wenye mafungu. Watakuja wafanyabiashara wa kitufe chenye alama ya mtu, kinachobandikwa pembeni mwa tovuti na kuahidi kutibu kila kitu chenyewe. Msiwape fedha za wananchi. Kitufe hicho hakiwezi kuugeuza waraka ulioskaniwa vibaya kuwa bajeti inayoaminika, na mara nyingi huingiliana na programu tulizokwisha kuzizoea. Mwaka 2025 Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani iliitaka kampuni moja ya bidhaa za aina hiyo ilipe dola milioni 1 kwa madai ya kupotosha wateja kuhusu uwezo wake.

Fedha hizo ni heri ziwalipe watu wenye ulemavu waijaribu tovuti kabla haijapokelewa kutoka kwa mjenzi, na mkataba useme wazi kwamba ikishindwa jaribio, malipo ya mwisho yanasubiri. Afisa wa tehama naye anaweza kujipima leo hii. Afungue waraka na kujaribu kuliteua neno moja kwa kipanya. Lisipoteuliwa, hiyo ni picha. Akiweke kando kipanya na ajaribu kujaza fomu kwa kibodi tu. Apakue NVDA, programu ya kusoma skrini isiyolipiwa, iliyoanzishwa Australia mwaka 2006, avae vipokea sauti, azime kioo, atafute ratiba ya kikao kijacho. Simu nyingi zinazotumia Android zina TalkBack tayari na iPhone ina VoiceOver, programu za kazi hiyo hiyo, kwa hiyo hata hakuna cha kununua.

Kila ukurasa pia uweke namba ya simu na cheo cha mtu anayepokea malalamiko ya waraka usiosomeka, na itaje ndani ya siku ngapi nakala inayosomeka itapatikana. Siku za pingamizi zihesabiwe kuanzia hapo.

Ombi langu la mwisho, Mhariri, ni kwenu. Matangazo ya halmashauri mnayoyaweka mtandaoni mara nyingi ni picha ileile mliyoletewa. Mnaweza kuweka sharti: anayeleta tangazo alete na faili la maandishi, nanyi mliweke chini ya picha.

Karani mstaafu, msomaji wenu