Mjamzito akivimba miguu msimnyime maji

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako nizungumzie hili la wajawazito kuambiwa wapunguze maji wakivimba miguu, maana siku hizi mtaani kila mtu daktari, mama mkwe anasema punguza maji, jirani anasema acha chumvi kabisa, muuza duka la dawa naye anatoa vidonge vya kukojoza, na binti wa watu anashinda na kiu kwenye joto hili la Dar mpaka midomo inamkauka.

Jamani ile kiu haiji bure. Kuna watafiti, John Davison wa Newcastle kule Uingereza na Marshall Lindheimer wa Chuo Kikuu cha Chicago, wameifanyia kazi hii miaka mingi, na mwaka 1984 wao na wenzao walitoa matokeo ambayo mimi naona kila mama anastahili kuyajua. Walichukua wanawake wakawawekea dripu ya maji yenye chumvi kali ili damu ipande ukali taratibu, huku wanatoa sampuli na kuwauliza kiu imeanza au bado, wakawapima wakiwa na mimba na wakiwa hawana. Wakakuta mwenye mimba kiu inamshika mapema, damu ikiwa bado haijakolea chumvi kivile, na ile homoni ya vasopresini inayoamuru figo zibane maji nayo inaanza kutoka mapema vilevile. Yaani mwili wenyewe umeshusha kipimo chake. Ndo maana sodiamu (chumvi ya kwenye damu) ya mjamzito ikipimwa unakuta imeshuka kama milimoli 4 au 5 hivi kwa lita, na huo si ugonjwa.

Kinachonishangaza zaidi ni kondo la nyuma. Linatoa enzaimu inayoikatakata hiyo vasopresini, mpaka mimba ikifika katikati homoni inaondoka kwenye damu kwa kasi mara 3 hadi 4 ya kawaida, mama inabidi mwili wake utengeneze nyingi zaidi kufidia. Wachache sana wanashindwa kufidia, wanakojoa malita kwa malita na kiu haikatiki hata usiku wa manane, sasa huyo ukimwambia apunguze maji unamuumiza kweli kweli, wakati dawa ipo, desmopresini, ambayo ile enzaimu haiiwezi, na tatizo lenyewe huisha wiki chache baada ya kujifungua.

Mpaka mimba inakomaa mwili unakuwa umeongeza maji kama lita 6 hadi 8, ukihesabu na ya mtoto na chupa, na majimaji ya damu peke yake yanaongezeka zaidi ya lita moja. Kwa hiyo miguu kuvimba jioni, ukibonyeza kwa kidole panabaki shimo, asubuhi umeamka pamepungua, wengi wanapata na ni kawaida.

Hatari iko kwingine. Mama mwenye presha ya mimba anaweza kuwa amevimba mpaka uso na vidole pete haivuki, lakini ndani ya mishipa damu imepungua kwa sababu maji yanavuja kwenda nje ya mishipa, halafu mtu anampa vidonge vya kukojoza! Shirika la Afya Duniani lilishasema tangu 2011 kwamba dawa hizo zisitumike kukinga presha hiyo wala kifafa cha mimba kinachotokana nayo, na chumvi nayo isikatazwe kwa nia hiyo. (Mwenye ugonjwa wa moyo au figo huyo afuate daktari wake.) Kinachotakiwa ni presha ipimwe, ikifika 140 kwa 90 isipuuzwe, na mkojo upimwe protini. Kichwa kinauma hakiachii, macho yanaona ukungu, maumivu chini ya mbavu upande wa kulia, hapo ni hospitali muda uleule hata kama ni usiku, maana magineziamu salfeti ipo, na ule utafiti mkubwa wa 2002 uliohusisha wanawake kama 10,000 ulionyesha inapunguza kifafa kwa zaidi ya nusu.

Ombi langu Mhariri, ukurasa wenu wa afya umtafute mkunga au daktari wa wajawazito aeleze haya kwa Kiswahili cha kawaida, na hizo dalili za hatari mzichape kwa herufi kubwa ili mtu aweze kukata akabandika ukutani.

Msomaji wenu,
Temeke, Dar es Salaam