Barua ya wazi kwa Mkuu wa Mkoa wa Mwanza: mita 60 zianzie ufukwe wa zamani

Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa,

Pokea salamu zangu. Mimi ni fundi wa visima. Kwa zaidi ya miaka 30 nimechimba kwa sururu na ndoo Ilemela, Nyamagana na Magu. Nakuandikia hadharani kuhusu mita 60 ambazo sheria inakataza kujenga kutoka ukingo wa Ziwa Victoria, kwa sababu jambo hili linamgusa kila aliyejenga kando ya ziwa, na wengi zaidi ambao ndio kwanza wanatafuta viwanja.

Mwaka juzi niliitwa na mama mmoja aliyenunua kiwanja upande wa Ilemela. Kutoka kwenye maji hadi kwake ni hatua zaidi ya 150, na karatasi zake zote zilikuwa sawa. Nilianza na udongo mweusi, ule wa mbuga unaong'ang'ania jembe. Shimo lilipofika kiunoni, sururu ikabadilisha sauti. Chini kulikuwa na mchanga mweupe, safi, chembe zake zimesuguliwa mpaka zimekuwa laini. Sisi wa huku tunaufahamu mchanga wa luseni, unaoporomoka kutoka kwenye mawe ya vilimani: una ncha, unakwaruza kiganja. Huu haukukwaruza. Na katikati yake palikuwa na mstari mwembamba wa magamba ya konokono wa ziwani, yote yamelala ubavu, jinsi mawimbi yanavyoyapanga hata leo.

Nikamwambia, "Mama, hapa palikuwa ufukweni."

Akanijibu, "Fundi, mbona mpimaji alisema niko nje ya mita sitini?"

Mpimaji hakudanganya. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imeweka mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, na yeye alizipima kwa haki. Shida ni ukingo wenyewe, maana hautulii. Mvua kubwa zilizoanza mwishoni mwa 1961, Tanganyika ikipata Uhuru, zilipandisha ziwa kwa karibu mita 2.5 kufikia 1964. Mwaka 2006 maji yakashuka sana, watu wakaona ardhi mpya, wakaigawana. Mei 2020 yakarudi kwenye kimo cha 1964 na kukipita kidogo, na waliojenga kwenye ardhi ile wakaamkia maji sebuleni. Chukua sehemu ambayo ardhi inashuka mita 1 kwa kila mita 40, kama zilivyo nyingi za fukwe zetu za tambarare. Ziwa likipanda mita 2.5, maji yanaingia mita 100 ndani. Aliyepima 60 mwaka 2006 amepimia watu ndani ya ziwa.

Vipimo vya kimo cha ziwa vilianza kuandikwa mwishoni mwa karne ya 19. Hiyo ni miaka kama 130 tu, ilhali ardhi ina kumbukumbu ndefu zaidi. Kuzunguka ziwa hili wataalamu wa miamba wamekuta ngazi za fukwe za kale: takriban mita 3, mita 12 na mita 18 juu ya maji tuliyoyazoea. Zile za juu hazinitishi. Mto Nile unapotoka ziwani, pale Jinja, Uganda, umekuwa ukiula mwamba wa mlango wake, na kadiri mlango ulivyoshuka ndivyo ziwa lilivyoshuka nao. Ninayoihofia ni ile ya mita 3. Mkaa uliokutwa kwenye ufukwe wa kimo hicho upande wa Uganda ulipimwa umri, ukaonekana una zaidi ya miaka 3,000. Kwa umri wa ziwa, hiyo ni jana.

Ziwa hili limewahi hata kukauka kabisa. Mwaka 1996 watafiti wakiongozwa na Thomas Johnson walichapisha walichokikuta walipozamisha mabomba kwenye tope, palipo na kina kirefu: chini ya tope laini kuna udongo mgumu wenye alama za mizizi. Palikuwa nchi kavu yenye majani, na maji yalirudi takriban miaka 15,000 iliyopita. Furu tunaowavua ni wa mamia ya aina, na wengi wamejitenga kuwa aina mbalimbali tangu hapo. Nawaza hilo kila ninapopita Kirumba na kuona dagaa wameanikwa, kwamba palipo na maji haya paliwahi kupitika kwa miguu.

Ninachoomba, Mheshimiwa, hakihitaji fedha nyingi. Kabla viwanja vya kandokando ya ziwa havijagawiwa, kila eneo lichimbwe mashimo machache ya kimo cha mtu, na mtaalamu wa miamba ayasome. Mchanga wa ufukwe wa zamani ukionekana, mstari wake uwekewe bikoni, na mita 60 zihesabiwe kuanzia hapo kwenda nchi kavu. Wapo wataalamu Dodoma kwenye Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini, na Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria tunayo hapahapa Mwanza.

Pia tuagizwe sisi mafundi. Kila siku kisima kinachimbwa mahali fulani mkoani, tabaka zinaonekana kwa saa chache, kisha mawe ya ukuta yanapangwa na zinafichika. Fundi akiandika kwenye daftari alipokuta mweusi, alipokuta mchanga, alipokuta magamba na kwa kina gani, akapeleka nakala ofisi ya kata, baada ya miaka michache mkoa utakuwa na ramani ambayo hakuna ndege inayoweza kuipiga. Mimi yangu ninayo, madaftari manne. Nitayatoa bure.

Mama yule bado hajajenga. Shimo tumelifunika kwa bati na mawe, na ukuta wa upande wa ziwa sijaugusa ili mstari wa magamba ubaki unaonekana. Mtaalamu akitumwa, nitamshikia ngazi.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Fundi wa visima, Ilemela